Nyumba Anayolala Mheshimiwa

Kuna watu waliozaliwa na mkono wa kutandika kitanda, na ukibisha basi hukuwahi kumwona Shuka akiwa kazini. Mimi nimewahi kulala hoteli yenye lifti, tena ghorofa ya juu kabisa, kwa hiyo nikizungumzia vitanda naomba nisikatizwe. Shuka alikuwa akilirusha shuka mara moja tu, linapanda hewani, linatanuka, linatua penyewe kama linalorudi kwao. Anazunguka, anachomeka pembe, anapitisha kiganja, basi. Ungeapa kwamba kitanda kile tangu kitoke kwa seremala hakijaguswa na ubavu wa binadamu. Ndiyo maana wenzake hotelini wakampa jina hilo, na jina likamganda hadi mkewe naye akawa analitumia. Mkewe akafariki. Mwaka uliofuata hoteli ikamstaafisha kwa keki na kofia. Keki waliila wao.

Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa mbali, kule ambako kabla hamjasalimiana vizuri kwenye simu mnaulizana kwanza huko ni saa ngapi. Binti alikuwa mwema, alipiga simu alipokumbuka, na alikumbuka kwa zamu. Shuka akabaki katika chumba cha kupanga, na kofia, na kitanda kimoja ambacho alikitandika asubuhi vizuri mno kisha akakitazama mchana kutwa.

Hapo ndipo alipojitokeza Katibu. Katibu huyu alikuwa wa mbunge wa eneo hilo, mtu wa makamo anayetaka aitwe kijana, mwenye viatu vilivyochongoka mbele kama penseli. Alimfahamu Shuka tangu enzi za semina za hotelini.

"Mzee wangu," akamwambia, "tuna nyumba inataka mtu."

"Ya kulinda?"

"Ya kukaa."

"Nikae mimi?"

"Akae mheshimiwa. Wewe utakuwa unamkalia."

Shuka akacheka, akidhani ni utani. Katibu hakucheka, na mambo yenyewe yalikuwa hivi. Serikali ilikuwa inampa kila mbunge posho ya kuweka nyumba ya pili karibu na wapiga kura wake, ili akiwa huku alale huku, asikie shida zao kwa masikio yake. Posho ilikuwa na watoto wake: ya umeme, ya maji, ya mtumishi, hata ya mapazia. Mheshimiwa wetu aliipokea familia nzima hiyo ya posho bila kumbagua hata mmoja. Lakini kulala alilala mji mkuu, kwenye kitanda chake, na mkewe, kila siku ya Mungu. Nyumba ya huku ilitakiwa ionekane tu kama ina mwenyewe.

Basi Shuka akahamia. Ghorofa moja, geti jeusi, ukuta mweupe, ngazi za marumaru. Yeye alipewa chumba cha nyuma, kando ya jiko. Kazi yake ukiisikia utaona ya mteremko, hata mimi ningeiomba. Asubuhi kufungua mapazia ya juu. Jioni kuyafunga, kuwasha taa ya chumba kikubwa, kisha ya bafu, kisha kuizima ya bafu, kama mtu anayejiandaa kulala. Kufua mashati ya mheshimiwa, ambayo hayakuvaliwa, na kuyaanika upande wa barabarani. Kuweka gazeti jipya mezani na kulikunjakunja kidogo. Na kila asubuhi, kukivuruga kitanda.

Hilo la kitanda ndilo lililomkata maini. Maisha yake yote alilipwa kufuta watu. Mgeni akitoka, Shuka anaingia, na akitoka yeye hakuna tena dalili kwamba pale palilala mtu, akakoroma, akalia, akapiga simu. Leo anaambiwa amtengeneze mtu ambaye hakuwepo. Alikuwa anasimama mbele ya kitanda kile kama mwalimu aliyeambiwa afundishe makosa. Anaugonga mto kwa ngumi. Analegeza shuka upande mmoja. Analaza mkono wake wote godoroni na kuukandamiza, ili pawe na bonde. Kisha anakaa pembeni kidogo, moyo haumpi, anarudi kunyoosha pembe.

Mheshimiwa mwenyewe alifika mara moja tu, siku ya kupokea funguo, akiwa na mpiga picha. Akauliza choo kiko wapi. Nyumba yake hiyo. Shuka akamwongoza, akamfungulia mlango, akainama kidogo na kusema karibu sana. Mazoea.

Baada ya hapo ikawa yeye na nyumba. Na nyumba kubwa isiyo na watu ina tabia mbaya, inakusikiliza. Ukikohoa jikoni inakohoa nawe juu. Friji likinyamaza ghafla unageuka kana kwamba mtu amekata kauli. Miezi ya mwanzo Shuka alikuwa akipanda ngazi kimyakimya, kwa adabu ya hotelini. Baadaye akaanza kupiga hodi kwenye mlango wa chumba kikubwa kabla ya kuingia kufungua mapazia. Kisha akaanza kujibu mwenyewe. "Hodi." "Pita." Akajisikia anafanya hivyo siku moja, akashika ukuta, akakaa kwenye ngazi muda mrefu na kitambaa cha vumbi mkononi. Kesho yake akafanya tena.

Angekuwa amekwisha rukwa na akili kama si Fundi.

Fundi alikuwa mshonaji wa nguo, mwanamke aliyekwisha pita hamsini, mjane, mwenye chumba cha cherehani ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na geti jeusi. Aliishi humo na mama yake mzazi, kikongwe mwenye ulimi mkali na kidonda mguuni. Kila alasiri jua likihama mlangoni kwa Fundi, Shuka alivuka na chupa ya chai, akakaa kwenye benchi la wateja. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Walizungumza mambo ya maana yote: nani kanenepa, nani kachelewa kuchukua suruali yake, kwa nini vitambaa vya siku hizi vinapauka kabla havijavaliwa.

"Umemwacha bosi wako na nani, kaka?" Fundi alimtania siku moja.

"Amelala."

"Huyo mtu analala kama analipwa."

Shuka akanusurika kujimwagia chai mapajani.

"Na wewe bibie usimcheke," kikongwe alidakia siku hiyo kutoka kitandani kwake. "Mwanaume akilala hivyo ni mgonjwa au ana mke mdogo."

Sasa, katika mtaa ule palikuwa na zahanati. Muuguzi wake alihamishwa, hakuletwa mwingine, mlango ukapigwa kufuli. Kidonda cha kikongwe kilitaka kusafishwa na kufungwa kila siku, na hospitali kubwa ilikuwa upande wa pili wa mji, na mtu asiyeweza kukanyaga habebeki kila siku. Fundi alijaribu mwenyewe kwa maji ya chumvi na vitambaa safi. Kisha akapata wazo, na lilikuwa wazo la mtu mwenye akili timamu: mbunge analala hapa mbele ya mlango wangu. Neno lake moja kwa mganga mkuu, muuguzi analetwa. Ni kumvizia tu akiwa macho.

Akavuka barabara, akagonga geti. "Kaka, mwambie nataka dakika moja tu."

Shuka alikuwa ameshapewa somo na Katibu: mtu akija, mheshimiwa yupo lakini hapatikani. Akaingia ndani. Akasimama chini ya ngazi, akitazama juu ambako hapakuwa na mtu wa kuambiwa, akangoja muda unaotosha kumbembeleza mkubwa. Akarudi getini.

"Anapumzika, Fundi. Alikesha na makaratasi."

Mara nyingine akaja jioni. Taa ya bafu ilikuwa inawaka, na Shuka ndiye aliyeiwasha. "Anaoga," akasema. Fundi akainua uso, akalitazama dirisha lile dogo lenye mwanga, akasema sawa, atangoja. Akangoja. Taa ikazimwa, kwa sababu ilikuwa zamu yake kuzimwa, na Fundi akaona kwa macho yake kwamba bwana mkubwa amemaliza kuoga na kwenda kulala huku yeye amesimama getini.

Alikuja mara nyingi. Asubuhi moja alimleta na mama yake mwenyewe, kwenye kiti cha plastiki kilichobebwa na wateja wawili, ili mheshimiwa akichungulia dirishani ajionee. Kikongwe akakaa pale mbele ya geti na mguu wake uliofungwa, akiwa amejifunga kitambaa chake kizuri kichwani. Shuka alitoka, akasema mheshimiwa amepitia mlango wa nyuma alfajiri. Kikongwe akamtazama sana. "Na wewe unaumwa nini, mwanangu?" akamuuliza. Shuka akarudi ndani, akafunga geti.

Kidonda hakikungoja. Walipomfikisha hospitali kubwa, madaktari walikuwa wanazungumzia mguu kama kitu ambacho tayari si chake. Wakaukata juu ya goti. Na chumba cha Fundi kina vidato mlangoni, choo kiko uani, mtu wa mguu mmoja hawezi. Kaka yake Fundi akaja na gari la kukodi, akamchukua mama kwake, safari ya siku nzima. Fundi akabaki na cherehani.

Tangu hapo akaacha kabisa kuitazama nyumba ile. Alipofagia mlangoni aliipa mgongo. Shuka alipovuka mara ya kwanza na chupa yake, alikuwa amejiandaa kwa matusi. Fundi akasogeza vitambaa kwenye benchi apate pa kukaa.

"Sina neno na wewe, kaka," akasema. "Wewe mtu wa kutumwa tu. Nina neno na huyo aliyelala."

Afadhali angemtukana. Shuka alikunywa chai yake haraka, akarudi kwake. Lakini kesho yake alivuka tena, na kesho kutwa, kwa sababu angekwenda wapi? Watu wawili wapweke na barabara katikati, na mmoja wao tu ndiye aliyejua kwamba upweke wa mwenzake una mkono wake.

Mambo yakaanza kuchemka redioni. Ikaundwa tume kuchunguza posho za wabunge. Likatajwa jina hili, likatajwa lile: fulani amedai nyumba ambayo ni ghala la mashine mbovu, fulani amedai mtumishi aliyekwisha kuzikwa. Wengine wakajitokeza mbele ya kamera, wakainamisha vichwa, wakasema watarudisha, wakaenda zao kula chakula cha mchana. Mabishano yakahamia kwa kinyozi, maana huko ndiko sheria zote za nchi hupitiwa upya.

Shuka alikuwa kitini, kafunikwa kitambaa hadi shingoni. Fundi baiskeli alikuwa anasubiri zamu.

"Mimi nasema arudishe, aombe radhi, yaishe," akasema kinyozi. "Mambo ya mahakamani ya nini? Ni makosa ya kujaza karatasi."

"Aliyeng'oa betri ya taa ya barabarani hapo kona yuko ndani mpaka leo," akajibu fundi baiskeli. "Na betri aliirudisha. Aliirudisha huku analia."

"Huyo aliiba."

"Na huyu?"

"Huyu alijaza vibaya."

"Wewe ukininyoa nusu kichwa, ukanidai kichwa kizima, utakuwa umejaza vibaya?"

"Nusu kichwa ndicho ulichonacho, nitakupunguzia."

Wakacheka. Kinyozi akasema kiongozi akipelekwa jela nchi inaaibika. Fundi baiskeli akasema nchi imeshaaibika, kilichobaki ni jela tu. "Mtu akijua akikamatwa atarudisha tu," akasema, "basi huyo hajaiba, amekopa bila riba. Mimi naomba mkopo huo, nani anipe?" Kisha wote wawili wakamgeukia Shuka, kwa wema tu. "Lakini wetu huyu ana afadhali," kinyozi akasema, "kulala analala hapa. Taa si tunaiona? Hatusaidii kitu, lakini yupo."

Shuka alinyamaza kama mtu mwenye wembe kooni, na wembe kweli ulikuwa kooni.

Wiki hiyohiyo akaja mpelelezi wa tume. Shuka alitegemea jibaba la miraba minne; akaja mwanamke mwembamba mwenye viatu bapa na mafua. Akaomba aonyeshwe nyumba. Shuka akamwonyesha, na msinicheke nikisema alimwonyesha kwa fahari. Mpelelezi akafungua kabati, akafungua droo, akanusa sabuni ya bafuni. Akafika chumba kikubwa, akakitazama kitanda kilichovurugwa asubuhi hiyo: bonde upande mmoja, mto mmoja umebonyea, shuka limepinduliwa pembe moja kwa unadhifu.

"Mzee, zamani ulifanya kazi hotelini?"

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

Mpelelezi akapenga mafua kwanza. "Kwangu mimi ukivuta droo utakuta kitana, betri mbovu, dawa ya kikohozi iliyoisha muda. Hapa droo zote zina karatasi safi chini. Sabuni haijawahi kubaki kipande. Na hiki kitanda kimelaliwa na mgeni, tena mgeni wa siku moja, anayeondoka na basi la asubuhi. Kila siku huyohuyo."

Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa ambalo mimi na wewe tusingelifanya, maana sisi tunajua kuchafua nyumba zetu bila kufundishwa. Shuka alitengeneza dalili za aina moja tu ya mlalaji aliyewahi kumfahamu. Alisimama pale, hofu imemshika, na chini ya hofu, aibu ya fundi aliyeshikwa na kazi mbovu.

Mpelelezi hakumfokea. Alisema mzee ataitwa mahakamani, na swali litakuwa jepesi: nani alikaa humu? "Fikiri vizuri, mzee. Kuna wanaotaka liishe kwa kurudisha. Likiishia hapo, wewe hutaitwa kabisa. Lakini kama hakulala hata siku moja na alijua, hilo ni jinai, na wewe ndiye uliyeona."

Kesho yake akaja Katibu, akakaa sebuleni bila kuvua miwani ya jua.

"Mzee wangu, mheshimiwa yuko tayari kurudisha. Ameumia sana. Sasa wewe ukienda kusema hakuja kabisa, unampeleka baba wa watoto jela kwa sababu ya mashuka."

"Niseme nini?"

"Sema alikuwa akija. Sikwambii useme kila siku. Akija, akiondoka. Mtu wa shughuli."

"Na mimi?"

"Wewe? Utaendelea kukaa. Nani atakugusa?"

Utaendelea kukaa. Katibu hakujua alichokuwa anakitoa. Alidhani anatoa chumba cha nyuma na mshahara. Shuka alisikia benchi, na alasiri, na Fundi akiuliza umemwacha bosi wako na nani. Akisema mheshimiwa alikuja, vyote hivyo vinabaki mahali pake. Fundi ataendelea kumchukia mtu aliyelala, na mtu wa kutumwa ataendelea kupewa nafasi kati ya vitambaa. Akisema kweli, nyumba itafungwa, sawa, atapata chumba kingine. Lakini Fundi atasikia redioni kwamba mle juu hapakuwa na mtu, na kwamba kila jibu alilopewa getini lilitungwa chini ya ngazi na kaka yake wa chai.

Alizunguka na jambo hilo siku kadhaa, akipiga hodi, akijijibu. Mwishowe akaona bora asilisikie redioni.

Fundi alikuwa anashona gauni la sare ya shule. Shuka hakukaa. Chupa ya chai aliiweka chini.

"Fundi, mle ndani hakuna mtu."

"Katoka?"

"Hajawahi kuwemo."

Cherehani iliendelea kidogo, ikamaliza mstari wake. Fundi akakata uzi kwa meno. "Hebu sema tena."

Akasema tena, yote, posho na mapazia na mashati. Fundi alimsikiliza huku amelishika gauni kana kwamba kuna anayetaka kumpokonya.

"Siku nilipomleta mama kwenye kiti?"

"Hakuwepo."

"Alipitia mlango wa nyuma."

"Ule mlango haufunguki, umeota kutu."

"Taa ya bafuni?"

"Niliiwasha mimi. Nikaizima mimi."

Fundi akatazama nje, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake aondoke akaitazama nyumba ile, juu hadi chini, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutwafutwa.

"Kama ningejua hayupo," akasema polepole, "ningemfuata aliko. Ningepanda basi nikalala mlangoni pake na mama yangu. Au ningemsahau nikatafuta njia nyingine. Lakini mimi nilikaa hapa, kaka, nikimngoja aamke." "Wanasema redioni arudishe. Nasikia hata kwa kinyozi wanasema. Hizo asubuhi zangu za getini atazirudisha kwa hundi ipi?"

"Sijui."

"Kwa nini hukuniambia? Kazi?"

"Kazi, ndiyo." Shuka alitazama viatu vyake. "Na nilihofia ukijua, nitakosa pa kukaa alasiri."

Kama kuna jibu baya kuliko hilo mimi sijalisikia, na nimesikia mengi. Fundi hakulia, hakupiga kelele. Aliinama akaiokota chupa ya chai sakafuni, akaifuta vumbi kwa pindo la khanga yake, akampa.

"Nenda ukawaambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Usipunguze ili umpendeze mtu, na usijipunguzie wewe. Na hapa usije tena."

Mahakama ilijaa. Mheshimiwa alikaa mbele, suti ya kijivu, akionekana kama mtu aliyechelewa sherehe. Shuka alipopanda kizimbani waliangaliana, na Shuka akagundua kwamba mheshimiwa hamkumbuki. Swali la mpelelezi likaulizwa: nani alikaa nyumba ile?

"Mimi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Wakili wa mheshimiwa, sauti ya asali, akainuka kumchimba. Nia yake ilikuwa kumwonyesha hakimu kwamba mzee huyu hazimtoshi. "Mzee, unataka tuamini ulikaa katika jumba zima, miaka yote hiyo, bila mtu? Hukuzungumza na yeyote mle ndani?"

"Nilizungumza."

"Ahaa. Na nani?"

"Na mlango wa juu."

Watu wakacheka. Wakili akatabasamu, akawaachia wacheke. "Na mlango ulikujibu?"

"Nilijijibu mwenyewe. Bwana wakili, ukikaa nyumba yenye mtu aliyelala unatembea kwa vidole. Mimi mwishowe nikawa napanda ngazi kwa kishindo makusudi, nisikie kuna mtu."

Kicheko kikakatika katikati. Wakili akafunua karatasi ambazo hazikuhitaji kufunuliwa. "Kwa hiyo humo hukumwongopea mtu yeyote, ulikuwa na milango tu?"

Shuka akainua macho. Kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, Fundi alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani. "Niliongopea jirani," akasema. "Alikuja getini kuomba muuguzi wa mama yake. Nilimwambia mheshimiwa amelala. Akakubali, akarudi kwake. Mama yake amekatwa mguu. Kama kusema hivyo kuna kosa, liandikeni na langu."

Wakili aliposema mwishoni kwamba mteja wake yuko tayari kurudisha kila alichopokea, hakimu alisema kurudisha kunakubalika, lakini mtu hafuti shtaka kwa kurudisha, kama vile aliyemgonga mtu barabarani hafuti ajali kwa kurudi kinyumenyume. Akamtia hatiani. Walikuwepo waliosema adhabu ni kali kwa mtu mkubwa. Mimi sina shahada, ila najua hili: angeachwa arudishe tu, mahakama isingefunguliwa mlango, Shuka asingeulizwa kitu, na mtaa ule mpaka leo ungeamini palikuwa na mtu mle juu, anawasikia, hataki tu kuamka. Hilo nalo ni wizi, na halina noti ya kulirudishia.

Nyumba ikapigwa lakiri. Shuka akapata kazi ya kutandika vitanda kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stendi, na chumba nyuma yake. Huko watu wanalala kweli, wanachafua kweli, wanaondoka na taulo. Hakuna anayemfahamu. Alasiri hukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa uani, akisikiliza mabasi yakiitwa.

Muda mrefu ukapita. Siku moja suruali yake ya kazi ikachanika gotini. Pale stendi mafundi wamepangana kama meno. Yeye akaikunja, akaiweka kwenye mfuko, akapanda basi hadi mtaa wa zamani.

Fundi alikuwa mlangoni pake, miwani puani. Alimwona akivuka barabara. Hakuinuka, wala hakuingia ndani.

"Karibu, mzee," akasema.

Siyo kaka. Shuka alilisikia neno hilo likitua.

"Nimeleta suruali, Fundi."

Akaipokea, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mpasuko. "Itatiwa kiraka kwa ndani. Kitaonekana kidogo."

"Kionekane tu."

"Ijumaa uje kuchukua."

Shuka akauliza hali ya mama. Fundi akaikunja suruali, akaiweka kando. "Anakaa dirishani. Anatukana wapita njia." Kisha akavuta kitambaa kingine, mguu wake ukakanyaga, na cherehani ikaanza.

Shuka akashuka vidato, akaelekea kituoni. Ilikuwa Jumatatu. Njia nzima kwenye basi alikaa wima, mfuko mtupu mapajani, akiwaza Ijumaa afike saa ngapi, ili isiwe mapema sana.